Kutafuta barua pepe zako kwa amri, hata mtandao ukikatika: mwongozo wa mbsync na notmuch

Maswali yanayonifikia ni yale yale. "Barua ya bei ya miche ya mwaka juzi nitaipataje?" "Mkaguzi anataka kuona kwamba tuliomba nyongeza ya bei, nimepekua simu mpaka macho yanauma." "Bando limeisha na barua ziko mtandaoni, nifanyeje?" Wanaouliza ni makatibu na wahasibu wa vyama vya wakulima wa zabibu, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wanaoandika tasnifu, na watumishi waliohamia Mtumba, mji wa Serikali hapa Dodoma, pamoja na barua zao za miaka kumi. Nimeshamjibu mmoja mmoja mara nyingi. Sasa naandika mara moja, ili anayeuliza kesho nimpe ukurasa huu.

Njia ninayoitumia ni hii: barua zote zije kwenye kompyuta yako, zijengewe faharasa, kisha uzitafute kwa amri kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri. Programu ni mbili. Ya kwanza ni mbsync, inayoleta barua kutoka kwenye seva. Ya pili ni notmuch, iliyoanzishwa na Carl Worth mwaka 2009, ambayo inajenga faharasa na kutafuta. Notmuch haileti barua wala haitumi barua. Wanaoanza wengi wanakwama kwa kudhani inafanya yote.

Kama umewahi kufanya kazi masjala, nadharia yote unayo tayari. Rejista ya masjala si jalada, ni daftari linalokuambia jalada liko rafu gani. Faharasa ya notmuch ndiyo rejista hiyo. Ikiharibika, majalada yako yamebaki rafuni na rejista inaandikwa upya. Kitu kimoja tu kinakaa ndani ya rejista peke yake, nacho ni lebo ulizobandika kwa mkono. Hizo nitazirudia chini.

Andaa haya kwanza

Kompyuta yenye Linux ya aina ya Ubuntu au Debian. Ukiwa na Windows, weka Ubuntu ndani ya WSL, sehemu ya Windows inayoendesha Linux. Amri zote za hapa zinafanya kazi humo.

Nafasi kwenye diski. Mimi hutenga mara mbili ya ukubwa wa sanduku la barua: kama Gmail inaonyesha umetumia GB 6, uwe na GB 12 wazi.

Bando la kutosha kwa upakuaji wa kwanza tu. Baada ya hapo zinakuja barua mpya peke yake. Fahamu pia kwamba Gmail inaruhusu kupakua MB 2,500 kwa siku kwa njia ya IMAP, ambayo ndiyo mbsync huitumia kusoma barua kwenye seva, kwa hiyo sanduku la GB 6 litachukua siku tatu hata ukiwa na intaneti ya kasi. Usihangaike, mbsync inaendelea pale ilipoachia.

Nywila ya programu. Gmail haitakubali nywila yako ya kawaida hapa. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti yako, kisha tengeneza nywila ya programu. Utapewa herufi 16. Zinaonyeshwa zikiwa na nafasi katikati. Ziandike bila nafasi.

Ruhusa, kama barua ni za ofisi. Hili nalisema kwa uzito. Usishushe barua za serikali au za mwajiri kwenye kompyuta yako binafsi bila kuwauliza watu wa TEHAMA. Wao pia ndio watakaokupa jina la seva. Na kompyuta inayobeba barua za watu wengine iwe na diski iliyofungwa kwa usimbaji, maana ikiibwa kituo cha mabasi, barua zote zimeondoka nayo.

Anwani za Outlook na Hotmail hazimo katika mwongozo huu. Tangu Septemba 2024 zinataka uingie kwa OAuth2, njia ya kuingia bila kuipa programu nywila, na maandalizi yake ni marefu.

Hatua ya 1: Weka programu

```
sudo apt update
sudo apt install isync notmuch
mkdir -p ~/Barua
```

Usishangae jina: kifurushi kinaitwa isync, ila amri iliyomo ni `mbsync`.

Hatua ya 2: Hifadhi nywila ya programu

```
nano ~/.siri-barua
chmod 600 ~/.siri-barua
```

Amri ya kwanza inafungua nano, kihariri cha maandishi. Andika zile herufi 16 kwenye mstari mmoja, hifadhi, toka. Zipo njia za kuificha zaidi, kwa mfano programu ya `pass`, na ukiizoea hamia huko. Kwa anayeanza hii inatosha, kwa sababu nywila ya programu unaweza kuifuta kwenye akaunti yako wakati wowote bila kubadilisha nywila yako kuu.

Hatua ya 3: Andika mipangilio ya mbsync

Fungua `~/.mbsyncrc` kwa nano, uandike hivi:

```
IMAPAccount barua
Host imap.gmail.com
User ANWANI-YAKO-KAMILI
PassCmd "cat ~/.siri-barua"
SSLType IMAPS

IMAPStore barua-seva
Account barua

MaildirStore barua-hapa
Path ~/Barua/
Inbox ~/Barua/INBOX
SubFolders Verbatim

Channel barua
Far :barua-seva:
Near :barua-hapa:
Patterns *
Create Near
Sync PullNew
Expunge None
SyncState *
```

Mstari mtupu una maana hapa: ndio unaofunga fungu moja na kufungua jingine. Ukiacha mstari mtupu katikati ya fungu, mbsync italalamika kuhusu maneno usiyoyaelewa, na utapoteza saa nzima ukitafuta kosa la tahajia ambalo halipo. Alama ya mkwaju mwishoni mwa `~/Barua/` nayo isisahaulike. Ukiwa na mbsync toleo la 1.5 au jipya zaidi, andika `TLSType` badala ya `SSLType`.

Mistari miwili, `Sync PullNew` na `Expunge None`, usiiguse. Inasema: leta barua mpya, usifute chochote popote. Mtandaoni utakuta mifano yenye `Sync All` na `Expunge Both`. Mimi niliinakili mfano wa namna hiyo nilipoanza. Siku moja diski ilijaa, nikafuta barua za zamani ndani ya folda ya kompyuta nikiamini kwamba nakala zipo kwenye seva, kisha nikaendesha mbsync. Ikafanya nilichoiagiza: ikazifuta na kwenye seva. Barua za misimu miwili za chama, zikiwamo za makubaliano ya bei na mnunuzi, hatukuzipata tena. Ndiyo sababu nasisitiza.

Hatua ya 4: Chagua folda kabla ya kupakua

Kwanza orodhesha folda bila kupakua kitu:

```
mbsync -l barua
```

Gmail haina folda za kweli, ina lebo. Barua moja yenye lebo tatu itapakuliwa mara tatu au zaidi, na bando linalipia kila mara. Dawa ni kuchukua folda moja inayobeba barua zote. Kwa akaunti iliyo kwa Kiingereza inaitwa `[Gmail]/All Mail`, kwa hiyo badilisha mstari wa Patterns uwe:

```
Patterns "[Gmail]/All Mail"
```

Kama akaunti yako umeiweka kwa lugha nyingine, jina la folda hiyo nalo hubadilika. Ndiyo maana nimesema uorodheshe kwanza. Nakili jina kama lilivyotokea kwako. Kwa seva ya ofisi isiyo ya Gmail acha `Patterns *`.

Wenye bando dogo, ongezeni `MaxSize 1m` chini ya fungu la MaildirStore. Barua iliyozidi MB 1 itakuja kama kishikilia nafasi tu, bila mwili wala viambatisho vyake. Utaipata ukitafuta kwa mtumaji, kichwa au tarehe, na ukiihitaji yote utaifungua kwenye kivinjari.

Hatua ya 5: Leta barua

```
mbsync barua
```

Iache ifanye kazi. Mtandao ukikatika, rudia amri ile ile. Ukitaka kujua imefika wapi, fungua terminali nyingine na uandike `du -sh ~/Barua`.

Hatua ya 6: Jenga faharasa

```
notmuch setup
```

Itakuuliza jina lako, anwani zako, na mahali barua zilipo. Hapo pa tatu andika njia kamili ya folda ya Barua. Mengine yote bonyeza Enter. Kisha:

```
notmuch config set new.ignore '.mbsyncstate;.uidvalidity'
notmuch new
notmuch count '*'
```

Mstari wa kwanza unaiambia notmuch iruke mafaili ya kazi ya mbsync. Mstari wa mwisho unakupa idadi ya barua zilizoingia kwenye faharasa. Ukikatiza `notmuch new` kwa Ctrl-C hakuna kinachoharibika, utaiendesha tena.

Hatua ya 7: Tafuta

Anza kwa urahisi:

```
notmuch search zabibu
notmuch search from:katibu
notmuch search 'subject:masurufu and date:3months..'
notmuch search 'attachment:pdf and ankara'
notmuch search '"kikao cha bodi"'
```

Wa mwisho una alama mbili za nukuu kwa sababu: zile za ndani zinamaanisha maneno hayo yafuatane, za nje zinaizuia terminali isizile za ndani.

Tarehe ndizo zinazookoa muda. Zabibu hapa Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo barua zenye kichwa "Mavuno" unazo rundo, zote zinafanana. Na mkaguzi anauliza kwa mwaka wa fedha, unaoanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Muulize notmuch vivyo hivyo:

```
notmuch search 'mavuno and date:2023-07-01..2024-06-30'
```

Majibu yanakuja kwa mazungumzo, kila moja na namba yake inayoanza na `thread:`. Nakili namba hiyo kusoma:

```
notmuch show thread:0000000000000a1f | less
```

Kutoa kiambatisho kunahitaji amri mbili. Ya kwanza inaonyesha kitambulisho cha kila barua na namba ya kila kiambatisho, ya pili inakitoa:

```
notmuch show thread:0000000000000a1f | grep -aE 'message\{|Filename:'
notmuch show --part=3 'id:KITAMBULISHO' > ankara.pdf
```

Hatua ya 8: Tafuta kwa Kiswahili

Hapa ndipo miongozo mingine haifiki, na ndipo wengi wananiambia "notmuch haifanyi kazi" wakati inafanya.

Notmuch imefundishwa kukata mikia ya maneno ya Kiingereza. Ukitafuta `payment` itakuletea na `payments`. Kiswahili kinabadilika zaidi mwanzoni: kulipa, malipo, amelipa, tumelipa, hajalipwa. Kwa notmuch hayo ni maneno matano yasiyo na undugu. Ukitafuta `malipo` pekee, barua inayosema "mnunuzi hajalipa" haitatokea, na huenda ndiyo uliyoitaka.

Alama ya nyota inasaidia, lakini inakaa mwishoni mwa neno tu. `hajalip*` inaleta hajalipa na hajalipwa. Nyota mbele ya neno usiitegemee.

Kwa hiyo taja sura za neno mwenyewe, mara moja, kisha uzipe jina:

```
notmuch config set query.malipo 'malip* or kulip* or lip* or amelip* or tumelip* or walilip* or hajalip* or hatujalip*'
notmuch search 'query:malipo and from:mnunuzi'
```

Kaa chini nusu saa na utengeneze majina kama hayo kwa mambo matano au sita ya kazi yako. Mimi ninayo ya malipo, bei, mkopo, mkutano na pembejeo. Ni kazi inayochosha kidogo, na hakuna nusu saa nyingine katika mwongozo huu itakayokurudishia faida kubwa kama hiyo.

Kwa kichwa cha barua na jina la mtumaji kuna njia nyingine, kutafuta kipande popote ndani ya neno:

```
notmuch search 'subject:/lip[aow]/'
```

Hii inashika malipo, kulipa na hajalipwa kwa pamoja. Inashika pia "tulipofika" na "alipokuja", kwa hiyo kagua matokeo. Na herufi kubwa na ndogo zinatofautishwa: `/malipo/` haitaona "Malipo", andika `/[Mm]alipo/`. Ndani ya mwili wa barua njia hii haifanyi kazi.

Kisha kuna ng'. Ukiandika `'ng'ombe'` kwa nukuu moja moja, terminali inadhani nukuu imefungwa baada ya ng, na kulingana na idadi ya alama inaweza kukuonyesha `>` na kubaki ikisubiri. Toka kwa Ctrl-C na utumie nukuu mbili:

```
notmuch search "ng'ong'ona or ngongona"
```

Nimeweka sura zote mbili makusudi. Watu wengi wakiandika kwa simu huiacha ile alama, na ukitafuta moja utakosa nusu ya barua.

Hatua ya 9: Bandika lebo, na uzitunze

```
notmuch tag +ukaguzi -- 'query:malipo and date:2023-07-01..2024-06-30'
notmuch search tag:ukaguzi
notmuch dump --gzip --output=$HOME/lebo.gz
```

Amri ya mwisho inachukua nakala ya lebo zako. Iendeshe kila wiki na uweke nakala kwenye flashi.

Hatua ya 10: Iache ijiendeshe

Kazi hii inafanywa na cron, programu ya Linux inayoendesha amri kwa ratiba. Andika `crontab -e`, uongeze:

```
*/30 * * * * mbsync -q barua; notmuch new --quiet
```

Kila nusu saa barua mpya zitaingia. Anayelipia bando kwa siku aache hatua hii, aendeshe amri hizo mbili kwa mkono anapokuwa na mtandao.

Ikikataa

*Seva inakataa kuingia.* Karibu kila mara ni nywila ya kawaida badala ya nywila ya programu, au zile herufi 16 zimeandikwa na nafasi. Hakiki pia kwamba `User` ni anwani kamili, pamoja na sehemu iliyo baada ya @.

*mbsync inakataa kuanza ikisema imefungwa (locked).* Ile ya cron bado inafanya kazi. Angalia kwa `pgrep mbsync` na uisubiri.

*Upakuaji unasimama kila siku baada ya kiasi fulani.* Kwa Gmail umefika kile kikomo cha siku. Endelea kesho.

*Utafutaji hauleti kitu.* Endesha `notmuch new` kwanza. Ikibaki hivyo, huenda barua ina lebo ya spam au deleted, ambazo notmuch huzificha; ongeza `--exclude=false` baada ya neno search. Bado hakuna? Rudi hatua ya 8.

*Barua ipo, lakini maneno yaliyomo kwenye PDF hayapatikani.* Notmuch inasoma jina la kiambatisho, haisomi kilichomo ndani ya PDF. Hili linatuumiza sana huku kwetu, maana barua rasmi hupigwa muhuri, huskaniwa, kisha hutumwa kwa jina kama Scan0012.pdf na mwili mtupu. Punguza kwa mtumaji, tarehe na `attachment:scan*`, toa kiambatisho kama hatua ya 7, kisha geuza picha kuwa maandishi:

```
sudo apt install poppler-utils tesseract-ocr tesseract-ocr-swa
pdftoppm -r 300 -png barua.pdf ukurasa
tesseract ukurasa-1.png maandishi -l swa
```

Utapata faili `maandishi.txt`. Muhuri ukiwa juu ya maneno, sehemu hiyo itatoka vibaya. Isome kwa macho. PDF ndefu huandika namba za kurasa kama 01, kwa hiyo tazama majina kwa `ls` kwanza. Nawe unapotuma barua yenye skani, andika mistari miwili ya maelezo kwenye mwili. Atakayeitafuta baada ya miaka mitatu anaweza kuwa mrithi wako kwenye kiti hicho.

*Faharasa imeharibika, mara nyingi baada ya diski kujaa.* Angalia nafasi kwa `df -h` na uipate kwanza. Kisha sogeza faharasa ya zamani pembeni, jenga mpya, rudisha lebo:

```
mv ~/Barua/.notmuch ~/faharasa-mbovu
notmuch new
notmuch restore --input=$HOME/lebo.gz
notmuch count '*'
```

Idadi ikilingana na ile uliyoiona hatua ya 6 pamoja na barua zilizoingia tangu hapo, futa `~/faharasa-mbovu`. Ikiwa pungufu, usiifute bado. Soma ujumbe wa `notmuch new` kutoka juu, ni humo utakuta ni faili gani lililorukwa.